Sanduku la Mjomba Faustin

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nalisema mapema, msomaji asije akadhani naandika kwa sababu nimelainika. Shule niliiacha darasa la tano, na leo nina malori matatu na nyumba ya ghorofa hapa Goma, huku wale waliokuwa wa kwanza darasani wananibembeleza niwape kazi ya kuhesabu magunia. Mshangao wangu wote uliishia kwenye msimu mmoja, nilipokuwa na miaka kumi. Nikinusa kafuri, hata hii ya dukani ya kuweka kabatini, ninarudi palepale: nyumba yetu ya Murara, wakimbizi wamevuka mpaka na kuujaza mji, na kafuri ya mama inapigana na moshi, kinyesi na vumbi jeusi la volkano.

Wenye mji tulijionyesha tulivyo msimu ule. Majirani waliokuwa wakijiita watu wa dini waliwauzia wenye kiu maji kwa kikombe, kisha Ijumaa au Jumapili wakaenda kukaa mstari wa mbele, kila mmoja kwa Mungu wake. Mbao ndizo zilizokuwa dhahabu. Maelfu ya watu walipika nje, na kila kilichoweza kuwaka kiliwaka: miti ya barabarani, nguzo za ua, madawati ya shule, hata ngazi ya jirani yetu ililiwa na moto akiwa angali juu ya paa. Alikaa huko mpaka mchana akitukana, na hakuna aliyemhurumia.

Mama yangu alizaliwa Masisi katika nyumba ya Wakristo, akabatizwa Vestine. Alipoolewa na baba, fundi cherehani, alisilimu akaitwa Zaina. Kaka yake mkubwa, mjomba Faustin, hakulikubali jina hilo hata siku moja. Mjomba alikuwa na ng'ombe Masisi mpaka vita vikamkimbiza, akaja kukaa Munigi akiwa na koti moja, kofia moja na majivuno ya ng'ombe mia. Alipoona maiti za wakimbizi zinaviringishwa kwenye mikeka na kutupwa shimoni, aliogopa sana, akaenda kwa seremala akajitengenezea sanduku lake la kuzikiwa, akiwa mzima kabisa! Lilipakwa vanishi, likawekewa vipini vya shaba na msalaba juu ya kifuniko. Alilitunza sebuleni na ndani yake akahifadhi maharage. Mgeni akifika, mjomba humwonyesha sanduku kabla ya kumpa kiti.

Homa ilimkamata mama ghafla, na akafa alfajiri. Kwetu maiti haingojeshwi, ilibidi azikwe kabla jua halijazama. Wanawake wa msikitini walimwosha na kumtia kafuri nyuma ya shuka, kwa maji ambayo baba aliyapata ziwani baada ya kupigana viwiko na watu. Sanda baba aliikata mwenyewe, vipande vitano vya kitambaa cheupe, juu ya meza yake ya kazi. Mtu aliyeshona maisha yake yote, siku hiyo alikata tu, maana sanda haishonwi. Hakulia. Alikuwa akipima.

Ndipo mjomba akafika na sanduku lake juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, kijana akilisukuma na yeye akitembea pembeni kama askofu. Maharage alikuwa ameyamwaga. Alikuwa ameamua kumpa dada yake sanduku, na alitaka Murara nzima ijue.

“Shemeji,” akamwambia baba mlangoni, “unataka kufunga Vestine mu kitambaa kama sambusa? Na batu ba Masisi bafike bamuone hivyo?”

“Ile kitambaa njo nguo yake,” baba akajibu. “Alisema mwenyewe.”

“Alisema! Ni weye ulimusemesha. Tungoye siku tatu, batu bafike.”

“Jua haitungoye, shemeji. Na sanduku hatuzikiye nayo.”

Mjomba akaketi juu ya sanduku katikati ya mlango, akasema hakuna atakayepita. Wanaume wakamnyanyua yeye na sanduku lake kwa heshima zote, wakawaweka kando. Mama alilazwa juu ya jeneza la msikiti, lile la kubebea tu, linalorudi na wabebaji. Tukamswalia tukiwa tumesimama, bila kuinama, kisha tukaondoka. Nilitembea ubavuni mwa jeneza kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kwanza. Nyuma yetu, chukudu kililia kwenye mawe na mjomba alipaza sauti kwamba Waislamu wa Goma wamemwibia dada mara mbili. Watu walicheka. Mimi nilimchukia mpaka meno yakaniuma.

Asiyeijua Goma hajui kuchimba. Chini ya vumbi kuna jiwe la volkano. Wachimbaji walikuwa wamelipiga kwa mitalimbo tangu asubuhi, na kaburi lilifika kiunoni tu. Ule mwanandani, kishubaka cha ubavuni cha kumlaza maiti, haukuwezekana. Wakachonga mfereji katikati ya kaburi: maiti hulazwa humo, mbao hupangwa juu yake, ndipo udongo urudishwe. Bila mbao, kinachorudi juu yake ni mawe yenye makali. Baba alikuwa ameipasua meza yake ya kazi. Ilitosha kumfunika kutoka miguuni mpaka magotini. Watu wawili waliotumwa sokoni walirudi mikono mitupu, na jua lilikuwa limeshafika juu ya milima ya Masisi.

Baba na mdogo wake waliteremka, wakamlaza mama kwa ubavu wa kulia, wakamwelekeza kibla, wakafungua vifundo vya sanda. Mwanamume mmoja, jirani aliyekuwa akiuza maji kwa kikombe, akasema, “Tupange mawe polepole, Muzee. Mungu anaona.”

“Mawe?” mjomba akauliza kutoka nyuma. “Ku uso?”

Wote walikuwa wanatazama chukudu. Sanduku zima alikuwa tayari kulitoa, watu walione na wamsifu. Mbao za kufukiwa, asizoziona mtu, hilo ni jambo jingine. Huyo ndiye mjomba wangu.

Baba akainua kichwa kutoka kaburini. “Shemeji, siombe sanduku. Naomba mbao.”

“Ile sanduku iko yangu! Mimi nitazikiwa mu nini? Mu gunia ya maharagi?”

Baba alibaki ameinama mle ndani, mikono imeukinga uso wa mama, kama vile angeweza kukaa hivyo mpaka kiama. Mjomba alizunguka chukudu, akavua koti, akalivaa tena. Kisha akalisukuma sanduku lenyewe likaanguka, akaokota jiwe akalipiga kwenye kona.

“Munanitazama nini kama ng'ombe? Leteni nyundo! Jua inaisha, bapumbavu!”

Alilivunja mwenyewe na hakumruhusu mtu kugusa. Msalaba aliuficha ndani ya koti, vipini vya shaba akavitia mfukoni. Hata siku hiyo ubahili wake haukupumzika. Mbao alimpa baba mmoja mmoja. Ule wa kichwani ulikuwa na harage limeganda kwenye vanishi. Alilibandua kwa ukucha, akaufuta ubao kwa mkono wa koti lake la pekee, kisha akautoa. Mianya ikazibwa kwa udongo mbichi. Tulipomaliza, jua lilikuwa bado linaonekana, wembamba wa ukucha. Mjomba alirudi Munigi akigombana na kijana wa chukudu juu ya nauli.

Siku hizi nayaona mazishi ya Goma na ninatamani kutema mate. Fulana zenye picha ya marehemu, tarumbeta, mpiga video anayewaambia watu walie upya kwa sababu hakupata vizuri. Jamaa ambao hawakumpelekea mgonjwa hata uji wanagombania mikrofoni. Mama yangu aliondoka na vipande vitano vya kitambaa, meza ya fundi na sanduku lililovunjwa, na hakuna tajiri wa mji huu aliyefunikwa vizuri kuliko yeye.

Baadaye mjomba alirudi Masisi, vita vikamtoa mara nyingine, akiwa kikongwe, na akaja kwangu. Alilala kwenye kitanda changu kizuri akilalamikia chumvi. Kila jioni aliniambia, “Ramazani, mulivunja sanduku yangu mbele ya macho yangu. Mutanipa ingine. Na batu bakae mbali na nyundo.” Alipokufa, wanakanisa wenzake walikuja na orodha: tarumbeta, fulana, mpiga video. Niliwafukuza uani. Halafu nikawasha gari, nikaenda peke yangu kwa seremala bora wa mtaa wa Mapendo, nikachagua mbao ngumu, vanishi mara tatu, vipini vya shaba. Mimi ninayebishana hata bei ya kiberiti, sikufungua mdomo. Dola mia nne na themanini na tano.