Nilifundisha Kakuma kwa Podcast, Nikasifia Majibu Ambayo Sikuyasikia

Wakuu, ejok, kama tunavyosalimiana huku Turkana.

Humu mimi huwa msomaji wa kimya. Leo natoa yangu, na chumvi sitaongeza, maana hata bila chumvi imenishinda kumeza.

Mimi ni mwalimu wa afya ya mifugo kwenye chuo kidogo hapa Lodwar. Tuna darasa lingine Kakuma, wakimbizi wa Sudan Kusini wamechanganyika na Waturkana wa pale mjini. Nilikuwa naenda kuwafundisha mwenyewe, mpaka gari la chuo likaua gearbox.

Mkuu wa chuo akaniita. Akasema nirekodi masomo kama podcast, niwatumie kwa WhatsApp.

"Lakini wakifeli CAT, huo mtihani wa muhula, hilo darasa nafunga," akasema.

Nikaona hii ni vita yangu. Wale watu wakifungiwa hapo, hawana pengine pa kwenda kusomea hii kazi.

Basi nikajifungia stoo ya chakula cha mifugo. Madirisha nimefunga, feni nimezima isisikike. Wanaojua Lodwar saa nane mchana watanihurumia. Nilivaa kaptula tu, lakini sauti ilikuwa ya profesa mwenye tai.

Nikajisikiliza, nikajipenda.

Kule Kakuma walikuwa wanakusanyika kwa duka la Mama Nyandeng, class rep wao, anayeuza vitenge ndani ya kambi. Ana spika kubwa. Kila nikimpigia, habari ni njema.

"Mwalimu, darasa iko moto. Watu iko najibu sana."

Sikujiuliza wanamjibu nani.

Siku ya CAT nikapata lifti, nikasimamia, nikaanza kusahihisha pale pale dukani. Swali la kwanza: dawa ya maji ya kuua minyoo, mbuzi anapewa kupitia wapi?

Karatasi ya Deng, kinyozi wa kambini: KWA NYUMA. Herufi kubwa, na mstari chini.

Nikacheka. Nikachukua nyingine. Kwa nyuma. Nyingine tena, kwa nyuma.

Cheko likaniisha nilipofika kwa Ekiru. Huyu ni mfugaji, mbuzi amewajua kabla hajajua kusoma. Naye kwa nyuma.

"Ekiru, kwenu dawa mnapitisha wapi?"

"Mdomo," akasema. "Lakini wewe mwenyewe iliambia Deng vizuri sana. Nikaona labda hii ni ya kisasa."

"Mimi? Lini?"

Mama Nyandeng akawasha spika. Nikasikia sauti yangu tamu: "Dawa hii, mbuzi tunampa kupitia...?"

Kimya.

"Vizuri sana. Tuendelee."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Mnajua sisi walimu tulivyo. Sentensi tunaiacha inaning'inia ili darasa limalizie. Darasani nasikia jibu, likiwa baya narekebisha. Stoo nilikuwa nauliza, nangoja kwa mazoea, halafu nasifia magunia. Podcast zote ziko hivyo. Kila neno la maana halimo.

Na Deng ndiye hukaa karibu na spika, tena ana sauti kubwa. Kwa hiyo sifa zote alizichukua yeye.

Nilirudi Lodwar nimenywea. Nikamweleza mkuu ukweli wote, nikamwomba CAT ya pili. Alicheka mpaka akavua miwani. Akakubali, ila mara moja tu.

Nikarekodi upya. Safari hii hakuna cha kuning'iniza, majibu yote nimeyataja mwenyewe, mfululizo. Nikajiona nimemaliza kazi.

Baada ya siku chache Mama Nyandeng akapiga.

"Mwalimu, watu hapana kuja tena. Kila mtu nasikiliza kwake, nalala. Ile ya kwanza ilikuwa natungoja. Hii hapana tungoja."

Hiyo iliniuma kuliko yale makaratasi.

Nikarudi stoo mara ya tatu. Nauliza, nanyamaza, kisha nataja jibu. Sifa inakuja mwisho kabisa. Duka likajaa tena. Deng bado alikuwa anapaza sauti, lakini sasa spika inamkosoa mbele ya watu, na watu wanacheka.

CAT ya pili walipita. Deng alipita kwa kuchechemea, lakini alipita.

Kabla ya kutia sahihi kwamba darasa liendelee, mkuu akataka kusikiliza hizo podcast. Kidogo tu akakunja uso.

"Mbona kuna kimya kimya humu? Unamaliza bundles za watu. Hizi sehemu zikate."

Nikamwambia, "Mkuu, hapo ndipo wanafunzi wanaongea."

Akairudisha nyuma, akakisikiliza kile kimya hadi mwisho. Kisha akatia sahihi.

Somo nililobaki nalo: usimsifie mtu ambaye hujamsikia, na usimfundishe mtu bila kumwachia nafasi ya kukosea.

Walimu mliowahi kurekodi masomo, hebu semeni yaliyowakuta. Wanafunzi pia mnakaribishwa, ila mnihurumie.