Barua ya Kuhama

Ukatibu wa kanisa letu hapa Ruiru nilipewa nilipostaafu ualimu, na nilipewa kwa sababu ya mwandiko. Mchungaji alisema mwandiko wangu unasomeka hata na mtu aliyesahau miwani nyumbani. Mimi ni mtu wa kupenda sifa, sikatai. Nikakabidhiwa kitabu cha washiriki, kile kikubwa cha jalada jeusi, pamoja na muhuri na funguo za kabati.

Kila mwisho wa mwaka huwa najaza fomu ya kupeleka kwa wakubwa wa kanisa. Waliobatizwa, waliozikwa, ndoa zilizofungwa, halafu chini kabisa, ndoa zilizovunjika. Hapo nilikuwa naandika sifuri. Mchungaji akiisoma mbele ya watu hutua kidogo kabla ya kuitamka, na watu hupiga makofi. Ati huko nje mahakama zimejaa watu wanaotaka kuachana, lakini sisi tunaomcha Mungu, sifuri. Wale wa njoo-tukae hatukuwahesabu, kwa maana hawakufungishwa ndoa kanisani, na wakiachana ni shauri yao. Nami nilipiga makofi pamoja na wenzangu, tena kwa nguvu.

Nina mdogo wangu mmoja. Mama alipofariki nilimlea mimi, nikamsomesha, na nikamwoza mimi katika kanisa hili hili. Akaenda kukaa na mumewe Thika, upande wa Makongeni, akawa fundi wa kushona sare za shule. Lakini Jumapili alikuwa anakuja kusali kwetu Ruiru, kwa sababu alibatizwa hapa na jina lake liko kwenye kitabu hapa.

Siku moja, Jumamosi mchana, alifika kwangu na watoto wake wawili, begi moja, na kichwa cha cherehani kikiwa kimefungwa ndani ya leso. Mtu mwenye akili angeelewa papo hapo. Mwanamke aliyebeba cherehani hajaja kutembea. Mimi nikaweka chai. Akaniambia mumewe ana boma lingine huko huko Thika, mwanamke na mtoto, na alipomuuliza hakukana. Alimjibu tu, "Kwani nimekufukuza?"

Kesho yake, baada ya ibada, mimi na mume wangu tulimrudisha. Mume wangu ni mzee wa kanisa, mtu mpole, anafuata ninachosema, na siku hiyo nilisema twende. Tukakaa kwenye viti vya sebule yao, tukasoma neno, tukaomba. Shemeji ndiye aliyeomba sala ndefu kuliko sisi sote. Alilia mpaka nikampa kitambaa changu. Nilitoka pale nikiwa nimeridhika kabisa, nikamwambia mume wangu njiani kwamba ndoa ya watu wanaoomba haiwezi kufa.

Miezi michache baadaye alirudi tena, safari hii bila cherehani. Nikamwambia, "Vumilia. Mvumilivu hula mbivu."

Akaniangalia. "Mwalimu," akasema, kwa maana hata yeye huniita hivyo kama mtaa mzima, "yangu imeshaozea mtini."

Nilicheka. Nikikumbuka kicheko kile leo naona haya. Nikamrudisha mara ya pili, na nikaongeza langu: nikaipeleka ndoa yake kwa kikundi cha akina mama ili iombewe. Kwetu kuombewa ndoa ni kuwekwa katikati, akina mama wanakuzunguka, mikono kichwani, kila mmoja anamkemea shetani kwa sauti yake. Ukitoka hapo kanisa zima linajua shida yako, na wanakupa pole mpaka kwa mama mboga. Baada ya siku ile moja hakukanyaga tena kwenye kikundi, lakini maombi hatukuacha. Tuliendelea nyumbani kwangu, kila Alhamisi.

Kisha akaacha kuja hata Jumapili. Simu anashika, anasema tu kwamba ni wazima, anakata. Watu wakiniuliza nawaambia amesafiri. Nilikuwa nimekasirika naye, ukweli ndio huo. Nilimwona kama mtu niliyempa dawa akaitema.

Mwaka huu, siku ya kazi, asubuhi, nilikuwa peke yangu katika ofisi ya kanisa. Mlango ukagongwa. Alikuwa yeye. Hakuja upande wangu kunisalimia kwa mkono. Alikaa kwenye kiti cha wageni kama mshiriki yeyote.

"Nimekuja kuchukua barua," akasema.

Asiyejua mambo ya makanisa yetu pengine ataona ni jambo dogo. Mshiriki akihamia mahali pengine hupewa barua na kanisa lake ya kupeleka kule aendako, iseme huyu ni wetu, ni mwema, apokewe na aketi mezani pa Bwana. Bila barua utaitwa mgeni hata miaka mitano. Nikamuuliza amehamia wapi.

"Mwihoko. Huu ni mwezi wa sita. Nina nyumba ya chumba kimoja, nashona mlangoni. Watoto wako shule pale pale."

Mwihoko. Kutoka kwangu ni safari ya bodaboda, hata chai haipoi. Miezi sita mdogo wangu alikuwa pale na watoto, na mimi nawaambia watu amesafiri.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenirudisha."

Nikafungua kitabu. Mwishoni kuna safu ya waliohama: jina, alikokwenda, tarehe. Nikaanza kusoma kurudi nyuma, ati nione huwa naziandikaje, lakini kusema kweli nilikuwa natafuta mahali pa kuficha uso. Hapo ndipo nikayaona yale majina. Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyeniambia anahamia Kahawa Sukari awe karibu na kazi. Nilimpa barua huku nikiona kidole chake cha pete ni kitupu. Kulikuwa na baba mmoja wa kwaya, sauti nzito, nilimwandikia "amehama", na wiki iliyopita nilikutana naye kwa duka la misumari hapa Ruiru. Anakaa ploti ile ile. Hajahama hata mlango. Aliyehama ni mkewe, na mkewe naye nilimwandikia barua yake, ya kanisa lingine. Ukurasa huo wote ni mwandiko wangu. Huko nje watu huachana, kwetu walikuwa wanahama, na mwisho wa mwaka naandika sifuri na watu wanapiga makofi.

Si ati sikujua. Nilijua mmoja mmoja. Nilikuwa tu sijawahi kuwaweka pamoja.

Sisemi imani haishikilii ndoa. Yangu iliishikilia, na nitakuwa mwongo nikisema vingine. Kuna mwaka mume wangu alipoteza kazi kiwandani, akanyamaza. Kunyamaza kweli kweli: anakula, analala, anaamka, haongei, miezi na miezi. Ijumaa moja nilipanga nguo zangu ndani ya begi. Nilikuwa nimeshafika kwa zipu. Nikaketi kitandani nikaomba, na nilipomaliza kuomba nikazirudisha nguo kabatini moja moja. Baadaye yeye akapona, akarudi kuwa mtu, na leo akinichekesha mezani huwa namshukuru Mungu. Lakini nilipokuwa nazirudisha zile nguo nilikuwa nafikiria nini? Nilikuwa nafikiria akina mama wa kikundi watasema nini. Mpaka leo sijui ni Mungu aliyenizuia siku ile au ni aibu. Huenda alitumia aibu, maana hutumia hata punda. Ila kilichonifaa mimi nilikichukua nikamvika mdogo wangu, bila kumpima. Kitanda usicholalia hujui kunguni wake, na mimi nilimrudisha kwenye kitanda kile mara mbili.

Sasa, mimi nikishikwa na jambo huwa nashikwa lote. Nikafunga kitabu nikamwambia, "Usihame. Baki hapa hapa. Mwaka huu kwenye ile fomu sitaandika sifuri. Nitaandika moja, na nitasimama niisome mimi mwenyewe."

Nilidhani atafurahi. Alikunja uso.

"Mimi si moja yako," akasema. "Sikuja hapa nikusaidie kutubu. Nimekaa miezi sita bila meza ya Bwana, mwalimu. Usiku naimba nyimbo peke yangu na watoto kama mtu aliyefukuzwa. Nataka mahali pa kusali. Niandikie barua."

Nikakasirika. Nikavuta karatasi kwa nguvu mpaka ikachanika pembeni, nikachukua nyingine. Kwenye barua zetu kuna mahali pa hali ya ndoa. Wote wale wengine niliwaandikia "ameolewa" au "ameoa", nikapiga muhuri, nikasema Mungu awatangulie. Nikamuuliza hapa niandike nini.

"Andika unachojua."

Hasira ikaniisha pale pale. Nikaandika kwamba ameachana na mumewe, kwamba mume ndiye aliyejenga boma la pili, kwamba mshiriki huyu hana lawama na tunaomba apokewe mezani. Nikapiga muhuri. Akaisoma mara mbili.

"Na wakinikataa? Wengine huko wana barua safi."

"Nitakuja nawe."

Akanielekeza lilipo kanisa lenyewe. Aliikunja barua akaiweka kwenye mkoba, akaniuliza kama mguu bado unaniuma, akaenda.

Jumapili nilivaa mapema. Mume wangu, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya kuhudumu mezani kwetu, akaniuliza watu wakitaka kujua niko wapi aseme nini. Nikamwambia aseme niko Mwihoko na mdogo wangu aliyeachana na mumewe, na asithubutu kusema nimesafiri. "Haya," akasema, na akanitafutia mwavuli.

Kanisa lenyewe ni la mabati, kwenye barabara ya udongo mweusi unaonasa viatu, katikati ya nyumba za kupanga. Mdogo wangu alikuwa ananingoja nje na watoto. Mlangoni tulimpa katibu wao barua. Ni mama wa rika langu, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Aliivaa, akasoma, nikaona macho yake yakirudi juu kusoma tena ule mstari wa ndoa. Kisha akaikunja akaitia ndani ya Biblia yake, akatuonyesha benchi. Mdogo wangu alishika mkono wa mtoto mpaka mtoto akalalamika.

Nyimbo zikaimbwa, matangazo yakasomwa. Halafu ikafika ile saa ninayoipenda nikiwa kwetu, ambayo siku ile niliichukia: wageni wasimame watusalimie. Kila Mkristo wa huku anajua maneno yake hata akiamshwa usingizini. Bwana asifiwe, jina lako, umeokoka, umeolewa na fulani, Mungu amewajalia watoto wangapi. Mgeni mmoja akasema yake, mwingine akasema yake, wote wameolewa, wote wamejaliwa. Mdogo wangu akasimama.

"Bwana asifiwe," akasema. "Natoka Ruiru. Nampenda Yesu. Nina watoto wawili, hawa hapa. Nilikuwa na mume, tumeachana."

Walioanza kusema amina waliimeza katikati. Mchungaji wao akageuka kumtazama katibu, na yule mama akasimama taratibu pale pale alipokuwa.

"Barua yake tunayo," akasema. "Imeandikwa hivyo hivyo alivyosema. Mimi naona apokewe."

Mchungaji akamgeukia mdogo wangu. "Karibu nyumbani, mama," akasema, na amina ikaitikwa sasa kwa sauti nzima. Mdogo wangu akaketi akafuta uso kwa mgongo wa mkono. Katibu alikuwa bado ananitazama mimi, kwa maana nami nilikuwa mgeni, na mgeni lazima asimame.

Nikasimama. Nilikuwa nimefundisha watoto miaka yote hiyo bila kuogopa kusema mbele ya watu, na siku hiyo nilishika benchi la mbele.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Mimi ni dada yake mkubwa. Alikuja kwangu mara mbili akilia, na mara mbili nikamrudisha. Nilifikiri namrudisha kwa Mungu."

Watu wakasema amina, kwa mazoea tu, kwa maana mgeni akinyamaza husemwa amina. Kabla sijakaa, mdogo wangu akanivuta nguo, nikainama.

"Mara tatu, mwalimu," akaninong'oneza. "Ile ya tatu ilikuwa Alhamisi. Nilifika mpaka kwa geti yako na watoto. Tukasikia mko ndani mnaombea ndoa yangu, na wewe ndiye ulikuwa unaongoza. Tukageuka."

Kisha akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi ya kukaa.