Sauti Iliyobaki Kwenye Mashine

Nyanya yangu alisikia kifo chake mwenyewe kikitangazwa redioni, akiwa jikoni kwake Gesima akimenya ndizi mbichi. Mashine iliyokitangaza ilikuwa mikononi mwangu. Nimejaribu mara nyingi kuisimulia habari hii bila neno hilo, mikononi, nikashindwa.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani kuchuma chai, mpaka watu wakaacha kuniuliza nitapata kazi lini. Kisha kituo kimoja kidogo cha redio mjini Kisii, kinachotangaza kwa lugha yetu, Ekegusii, kikanichukua nitunze kompyuta zake. Shida yao kubwa ilikuwa stima. Ikipotea na kurudi, betri zilizuia kompyuta zisizime, lakini zilikwama, na kuziwasha upya kulichukua dakika kadhaa, kwa sababu kila kompyuta ikizinduka hujikagua kwanza, kama mtu anayeamka na kupapasa viungo vyake vyote kabla ya kushuka kitandani. Muda huo wote redio ilikuwa kimya, na wasikilizaji walihamia kwingine.

Mfumo endeshi tuliotumia ni wa wazi. Huandikwa na watu wa nchi nyingi wanaojitolea, na yeyote anaweza kuuongezea kitu. Nikaamua kuuongezea njia ya kujiwasha upya haraka. Mfumo unaoondoka ungemweka mrithi wake tayari kwenye kumbukumbu, kisha ungemkabidhi kazi moja kwa moja, bila ule ukaguzi wa viungo. Nilitaka ifanye kazi kwenye aina zote tatu za mashine zetu: kompyuta kubwa ya studio, kompyuta ndogo ya kibao kule kwenye mlingoti wa kurushia matangazo, na kompyuta kuukuu ya msaada tuliyoiweka kama akiba.

Ugumu ulikuwa huu. Kifaa kilicho ndani ya kompyuta hakijui kwamba mfumo wake umekufa. Kinaendelea na kazi kilichopewa na marehemu. Diski inaweza kuendelea kuandika mahali ambapo sasa ni pa mwingine, na mrithi akaamka na maneno ambayo si yake kichwani. Kwa hiyo kabla ya kukabidhi, kila kifaa lazima kiambiwe kinyamaze, nacho kijibu kwamba kimenyamaza. Niliandika amri hizo kifaa kwa kifaa, mashine kwa mashine, na nikiisha kuziandika nilikaa nikifikiria njia zote ambazo kifaa kingeweza kudanganya. Nilipokuwa nakula nilifikiria diski. Nikiwa kanisani, wimbo ukiendelea, nilifikiria saa ya ndani na kadi ya mtandao.

Fundi mwenzangu, mtu wa kaunti za ziwani aliyekuwa amezoea kutuchekea sisi wa milimani, aliniambia, "Ndugu yangu, wewe ungekuwa daktari, wagonjwa wangekufa ukiwa bado unanawa mikono."

"Afadhali wafe nikiwa nimenawa," nikasema.

"Si hata wewe unaona! Weka hiyo kitu ifanye kazi, bwana. Bosi anauliza."

Kitu kimoja tu sikukijaribu sawasawa, nacho ni sauti. Rekodi zilizokuwa tele kwenye mashine zetu zilikuwa matangazo ya vifo, yale ya saa saba mchana, ambayo kila nyumba huacha kijiko mezani ili iyasikie. Hakuna kati yetu aliyetaka tangazo la kifo lirudiwe siku nzima ofisini. Kwetu jina la marehemu halitajwi ovyo, sembuse kulichezea kwenye majaribio. Kwa hiyo tulizima spika. Nikawa naangalia kioo, nasoma majibu. Kadi ya sauti ya kompyuta ya studio ilijibu kwamba imenyamaza. Ile ya kompyuta ya akiba, ya aina nyingine kabisa, nayo ikajibu hivyo hivyo, nikaiamini.

Siku yenyewe kompyuta ya studio ilikuwa imefunguliwa kusafishwa vumbi, na ya akiba ndiyo iliyokuwa hewani. Saa ya vifo ilikuwa karibu kwisha. Stima ikapotea, ikarudi, mashine ikakwama, na ile njia yangu ikafanya kazi kama nilivyoiandika. Mrithi aliamka haraka kuliko siku zote. Fundi alipiga makofi. Lakini kadi ya sauti haikuwa imenyamaza. Ilikuwa bado imeshika vipande vya mwisho ilivyopewa na mfumo uliokufa, ikawa inavizungusha: tunatangaza kwa huzuni kifo cha mama yetu mpendwa, tunatangaza kwa huzuni kifo cha mama yetu mpendwa. Kisha mrithi akaishika kadi na kuanza kipindi kilichofuata, ambacho ni cha salamu. Salamu zile hurekodiwa na wasikilizaji kwa simu, nasi hukata mwanzo wake ili zisichukue nafasi, kwa hiyo huanza na jina. Ya kwanza siku hiyo ilikuwa ya shangazi yangu aliye Nairobi. Alitaja jina lote la mama yake, ambaye ndiye nyanya yangu, la ubatizo na la nyumbani, akataja Gesima, akasema, "Popote ulipo sasa, nakukumbuka sana."

Kwenye spika ya studio, ambayo sasa ilikuwa imewashwa, niliyasikia yote, yameungana kuwa tangazo moja. Fundi haelewi Ekegusii. Alinitazama akaniuliza, "Mbona umekaa hivyo?"

Yaliyotokea Gesima nimeyapata kwa mama yangu, aliyeishi boma moja na nyanya. Nyanya aliisikia redio, akakaa na kisu mkononi. Kabla hajaamua alichosikia, jirani mmoja akaja kutoka barabarani akipiga yowe, kitambaa cha kichwa kimeanguka, akilitaja jina lake na wema wake, kama desturi ilivyo, kwamba mtu huanza kulia akiwa mbali ili wenye nyumba wajue hawako peke yao. Nyanya akatoka, kisu bado mkononi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Yule jirani akasimama. "Ni wewe," akasema.

"Basi ngoja nifunike sufuria."

Jirani alikimbia. Mama alicheka aliponisimulia, na nyanya mwenyewe alicheka, lakini hiyo ilikuwa baadaye. Mchana ule walikuja wengi. Wengine walikuja na sukari, wengine na mkungu wa ndizi, wote wakilia kutoka mbali, wakifika walimkuta marehemu ameketi kwenye kigoda akiwajibu salamu. Mzee mmoja wa ukoo alisema mtu akililiwa akiwa hai lazima damu ya mnyama imwagike ndipo kile kilio kifutwe. Nyanya alikataa. Alikuwa Msabato. Imani yake ilikuwa kwamba wafu wamelala na hawajui neno, hawaiti mtu, na kilio hakifutwi na mbuzi.

Nilifika jioni. Aliniona mlangoni akasema, "Huyo bwana yangu amekuja kunizika." Hivyo ndivyo nyanya wa kwetu anavyomtania mjukuu wa kiume. Niliketi nikamweleza kila kitu: mfumo unaoondoka, mrithi, kadi isiyonyamaza. Alinisikiliza vizuri kuliko bosi.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyesema nimekufa," akasema.

"Hakuna, magokoro, nyanya yangu. Ni sauti iliyobaki tu."

"Kufa siogopi. Nitalala, siku ya ufufuo nitaamka. Ninachoogopa ni kwamba kilio changu kimeshatolewa. Umeona watu walivyokuja? Siku nikifa kweli, nani atakuja?"

Nilimwambia watakuja. Nilisema upesi mno, na yeye akageuza uso akatazama moto.

Siku iliyofuata mtangazaji alisoma masahihisho na kuomba radhi. Nyanya aliyasikia akasema, "Sasa nimekufa mara moja na nimefufuka mara moja. Wa kuniamini mara ya tatu ni nani?" Mimi nikairekebisha mashine. Nilibadilisha kanuni ili mfumo usiamini jibu la kifaa, bali ukizime na kukikagua, na kama kuna shaka yoyote, upitie njia ile ndefu ya zamani. Waandishi wengine wa mfumo, watu ambao sijawahi kuonana nao, walilipokea badiliko langu. Mmoja aliniandikia akiuliza hitilafu hii ya ajabu niliigunduaje. Nilimjibu kwamba niliiona wakati wa majaribio. Jibu hilo bado lipo pale mtandaoni, mtu yeyote anaweza kulisoma.

Maisha yakaendelea. Nyanya alirudi shambani, na kwenye kituo cha kupima chai watoto walimwita nyanya wa redio. Wanawake walimshika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Alikuwa na mazoea mapya ya kuwauliza, "Mkisikia tena, mtakuja?" Walimjibu kwa kicheko, "Tutapiga simu kwanza, mama, tusije tukatimuliwa na kisu tena." Kila mtu alicheka isipokuwa yeye. Nilikuwepo mara moja alipouliza hivyo, nikainama nikabeba kapu lake la chai mpaka kwenye gari.

Alikufa msimu wa mvua uliofuata, asubuhi, bila kuugua sana. Mama alinipigia simu nikiwa kazini. Alitaka tangazo lisomwe mapema, kabla ya saa saba, kwa sababu ndugu wako mbali. Sikutaka kulirekodi. Nilimwomba mtangazaji alisome kwa kinywa chake, hewani, pasipo kitu chochote changu katikati isipokuwa waya. Alilisoma taratibu, jina lote.

Simu ya studio ikaanza kulia. Niliipokea mimi.

"Hiyo ni mashine yenu tena?" mwanamume mmoja akauliza.

"Hapana, mzee. Ni kweli."

"Mlisema ni kweli hata ile siku."

Mwingine, mwanamke, sauti yake ninaijua, ni wa kijiji cha pili kutoka kwetu: "Mwanangu, wewe umemwona?"

Sikuwa nimemwona. Nilikuwa na neno la mama kwenye simu, basi. Nilishika ile simu nikajikuta nafikiria kama kuna njia ambayo mama angeweza kukosea, kama watu hulala usingizi mzito, kama mkono wa mtu mzee huwa baridi asubuhi za mvua. Nikampigia mama.

"Mama, una hakika?"

Nilisikia mvua kwenye mabati kwa upande wake, na hakuna kilio. Nyumba iliyofiwa, na hakuna kilio.

"Njoo nyumbani," akasema.

Nilipofika, gari la kumpeleka mochari lilikuwa bado linatafutwa. Watu walikuwa wamekuja. Walikuwa wengi, pengine wengi kuliko ile siku ya kwanza, lakini walikuwa wamesimama kando ya mistari ya chai, wakinyeshewa, midomo imefungwa. Hakuna aliyelia kutoka barabarani. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Wanawake walikuwa wanatazamana, na mlango wa nyanya ulikuwa wazi, giza ndani.

Mwishowe mama alimshika mkono mama mmoja wa kanisani akamwingiza. Tulisubiri. Yule mama alitoka, akasimama kizingitini, akatutazama sote kama anayetuomba ruhusa, ndipo akapiga yowe. Akaingia mwingine. Akatazama, akatoka, akalia. Wakawa wanaingia mmoja mmoja, kimya, na kutoka wakilia, na kila aliyetoka alijiunga na waliotangulia, mpaka kilio kikajaa boma na kuvuka bonde, na upande wa pili watu wakaanza kukijibu. Sijawahi kuona msiba wa kwetu ukienda hivyo, kinyumenyume. Alililiwa. Hilo naweza kulisema. Alililiwa na kila mtu aliyeulizwa naye swali lile, lakini ilibidi kwanza alale pale akaguliwe.

Nilibaki nje mpaka wakaisha.

"Ingia nawe," mama akasema.

"Nitaingia."

"Usipoona, wewe ninakujua, hutalala tena."

Niliingia. Walikuwa wamemfunika shuka mpaka kifuani. Nilikaa kando yake nikitazama kama kifua kitapanda, nikijiambia nitazame kidogo tu, kisha kidogo tena. Nyuma yangu mtu alichelewa kufika, akasimama mlangoni akitweta, maji yanamtiririka.

"Ni kweli?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nilimjibu kwamba ni kweli, nikaendelea kutazama.