Kikombe cha Divai Mkononi mwa Baba Linet

Leo mume wangu ameshika kikombe cha divai, na sijui nilipumua vipi.

Nawaandikia nyote, ndugu zangu, barua pepe moja kwa kompyuta ya ofisini, kwa sababu siwezi kukaa na jambo hili peke yangu.

Baba Linet hajaonja pombe miaka mitatu. Mnakumbuka ilivyokuwa.

Sasa Linet wetu anaolewa, kwa hivyo tulienda Malinya kwa akina mama wanaotengeneza divai nyekundu ya matunda ya zambarau. Kuonja ilikuwa kazi yangu. Yeye alikuja kubeba jerikeni tu.

Nyumba mbili za kwanza, divai ilikuwa chachu.

Ya tatu, mwenye nyumba, Mama Rose, alinipita mimi, akampa yeye kikombe.

"Huyu ndiye alikuwanga anajua divai," akasema. "Onja, shemeji."

Hakujua kwamba Baba Linet aliacha pombe. Nilitaka kukinyakua, lakini wageni wake wote walikuwa wanatutazama, na sikutaka kumwaibisha mume wangu. Nyinyi mngefanya nini?

Akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Akakinusa. Muda mrefu, jamani.

"Hii imeiva vizuri," akasema. "Mama Linet, tuchukue hii."

Akanipa kikombe. Kilikuwa kimejaa vile vile.

Tulipofika barabarani akaweka jerikeni chini. Akaninyooshea mkono.

"Nishike mkono kidogo," akaniambia.

Miaka ishirini na mbili ya ndoa, hajawahi kunishika mkono mbele ya watu. Tulisimama hapo, watu wa sokoni wakipita, mpaka akatulia.