Darasa la Wasiojisifu

Swabaha binti Gharib alikuwa mwembamba, ukimtazama unadhani upepo wa mlangoni utamchukua, lakini akishika chaki hata wanawake waliomzidi mamake umri walikaa kitako wakamsikiliza. Mwaka ule wa pili tangu uhuru alikuwa na darasa la ngumbaru mtaa wa Kuze, katika chumba cha chini cha nyumba ya mwanafunzi wake Mahfudha. Wanafunzi wake walikuja baada ya sala ya alasiri, wakatundika mabuibui yao misumarini, wakakaa mkekani mbele ya ubao ulioegemezwa kitini.

Kiingereza alifundishwa na babake, karani wa bandari ya Kilindini ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume na hakuona kwa nini elimu yake aende nayo kaburini. Majirani walisema mzee anamharibu mtoto. Walisema mpaka wakachoka, na mtoto akakijua.

Sasa darasa lenyewe lilikuwa hatarini. Ofisi ya elimu ya watu wazima ilileta habari kwamba afisa atakuja kulipima. Akiridhika, litabaki Kuze. Asiporidhika, wanawake wale watapelekwa kwenye darasa la usiku huko Tononoka, la wake kwa waume. Hakuna mume wala kaka wa Kuze ambaye angemruhusu mtu wake aende Tononoka usiku kukaa benchi moja na makuli wa bandarini. Kuhamishwa huko kulikuwa ni kufungiwa darasa tu, ila kwa maneno ya heshima.

Siku hizo walikuwa kwenye neno "can", lile la kusema kwamba mtu au kitu chaweza jambo. Swabaha alilisomesha kwa vitu vilivyokuwa mbele ya macho yao. Aliwaonyesha paka wa Mahfudha aliyelala dirishani: "A cat can climb." Aliwaonyesha kunguru kwenye paa la jirani: "A crow can fly." Wanawake wakaitikia kwa sauti moja hadi wapita njia wakasimama kuchungulia. Samaki aweza kuogelea, punda aweza kubeba mzigo, jiwe haliwezi kuruka. Yote waliyasema barabara, na Swabaha akaenda kulala moyo umetulia. Maskini, hakujua yanayomngoja.

Afisa aliyekuja alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Loise Mung'aro, mzaliwa wa Rabai. Alivua viatu mlangoni, akatoa masalkheri kwa kila mmoja, akakikataa kiti alichowekewa na kukaa mkekani pamoja nao. Hapo Swabaha alipata matumaini. Lakini Bi Loise hakuuliza habari za paka wala kunguru. Alimgeukia Mwanakhamis, bibi mwenye wajukuu, akamuuliza kwa upole:

"Can you sew?"

Na huyo Mwanakhamis ndiye mdarizi wa kofia ambaye watu walitoka Lamu kumfuata! Bibi akainamisha uso.

"No," akasema. "I cannot sew."

Bi Loise akamgeukia Mahfudha. "Can you cook?"

Mahfudha, ambaye hakuna harusi Mji wa Kale iliyopikwa pilau bila yeye kuitwa, akajifuta mikono kwenye leso kana kwamba imekamatwa ikiiba.

"I cannot cook."

Sentensi hazikuwa na kasoro hata chembe. Kasoro ni kwamba zilikuwa uongo mtupu. Swabaha alielewa papo hapo kosa lake. Kwa paka na punda unaweza kusema utakavyo, lakini mtu wa pale hajisifu mwenyewe, sembuse mbele ya mgeni. Ukikisifu chakula chake, atakwambia chumvi imezidi. Ukiisifu nguo aliyoishona, atakuonyesha pale ilipokwenda upande. Anayejisifu hana adabu, tena ajiitia jicho la hasidi. Ndivyo walivyolelewa, na Swabaha pia.

"Mwalimu," akasema Bi Loise, "wanafunzi wako hawalijui neno hili, au hawajui kazi yoyote?"

Kabla Swabaha hajajibu, Kache, mwanafunzi Mgiriama aliyefua nguo za watu Buxton na ambaye hajawahi kushindwa kusema lililo moyoni mwake, aliruka.

"Ati Mahfudha hajui kupika? Na vile vyakula tulavyo hapa vyapikwa na majini?" Akamgeukia mgeni. "Mahfudha can cook! Can cook very much!"

"Mashallah," wakaitikia wenzake.

"Mwanakhamis can sew," Mahfudha naye akadakia. "She can sew kofia. All people want."

"Kache can wash," akasema Mwanakhamis. "She can wash white, white."

Basi pakawa hapasikiki. Kila mmoja alimsifu mwenzake, naye mwenzake akakana na kuona haya. Bi Loise alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hata mamangu," akasema, "hajakubali mpaka yeo kwamba ajua kupika." Halafu akamtazama Swabaha. "Nimebakiwa na swali moja, nalo ni lako. Can you teach?"

Jibu alilijua. Alilijua kuliko alivyojua jina lake. Lakini ulimi haukukubali, na kwa kweli alitaka ardhi immeze.

"A little," akasema. "Inshallah."

Ndipo Mwanakhamis alipoinuka kwa magoti, akashika ukuta, akasimama wima.

"She can teach," akasema. Katika umri wake wote hakuna aliyewahi kumsikia akijitaja kwa wema. Akajipiga kifuani kwa kiganja. "Look me. I can speak. I can speak English!"

Bi Loise akainuka, akampa Mwanakhamis mkono, akautia wake wa pili juu.

"Darasa litabaki hapa hapa," akasema. "Nitawaambia hivyo ofisini."

Mgeni alipokwisha kuvaa viatu na kwenda zake, Swabaha alijibwaga mkekani akalia kwa sauti kama mtoto, pumzi zikimtoka zote alizozibana tangu apate ile habari ya ofisini.

"Walia nini tena, mwanangu?" Mwanakhamis akamuuliza. "Si tumeambiwa darasa latubakia?"

"Ndilo lanilizalo, bibi. Nalia kwa kuwa latubakia."

"Haya, lia upesi basi," akasema Mwanakhamis, akimwokotea chaki. "Sisi twataka kusoma."