Wadudu wa Ukuta wa Jikoni

Habari za mwisho za mahali alipokuwa baba tuliletewa na wadudu wadogo kuliko punje ya mchele, na wao wenyewe hawakukubaliana.

Tuliishi mtaa wa Landless, Thika, katikati ya miaka ya tisini. Baba alipasua mbao msituni kwa niaba ya tajiri mmoja, na alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Katikati ya mwezi alitutumia mabanzi, vile vipande vya pembeni mwa gogo vinavyobaki na gome, kwa lori lililokuwa likishusha mbao Ruiru. Jiko letu lote lilijengwa kwa mabanzi, gome likitazama nje, kama majiko mengi ya mtaani.

Kisha mwezi mmoja mabanzi yalifika na baba hakufika. Tajiri alisema ameacha kazi, hajui ameelekea wapi, wala hakutaka kutaja msitu aliokuwa akipasua. Dereva alikuwa mgeni. Aliambiwa alete tu. Mama alisimamisha ukuta mpya kwa mabanzi hayo.

Haukupita muda unga wa kahawia ukaanza kuanguka chini ya ukuta. Siku hizo mtafiti mmoja, mwanamke aliyekaa Ruiru, alikuwa akizunguka kwenye yadi za mbao akitafuta wadudu wanaoishi chini ya magome. Alielekezwa kwetu. Alibandua gome kwa kisu: ndani kulikuwa na kijia kimoja kirefu, na vingine vimetoka pande zote mbili kama mbavu. Akawatia wadudu kwenye chupa ya spiriti.

"Wa msitu mmoja wanazaana wenyewe kwa wenyewe," alimweleza mama. "Wana alama za kwao kwenye damu. Nikiwalinganisha na wa misitu mingine, huenda nikajua walikotoka."

Jirani yetu, ambaye hakukosa neno, alicheka. "Hata mdudu kwao kunajulikana. Bwana yako je?"

Mama alimgeukia mtafiti. "Kwa hivyo unaweza kuniambia mti huu ulikatwa wapi?"

"Nitajaribu, mama."

Jioni hiyo mama alitia sweta ya baba kwenye mfuko. Huko juu msituni kuna baridi, alisema.

Mtafiti alirudi wakati wa mvua za mwaka uliofuata. Baadhi ya wadudu wetu walifanana na wa Nyandarua. Wengine walifanana na wa Mau, ng'ambo ya Bonde la Ufa.

"Sasa niende wapi?" mama aliuliza.

"Sijui, mama. Labda lori lilipakia sehemu mbili. Au wale wa Mau walishafika Nyandarua zamani. Hawa husafiri na mbao zaidi kuliko wanavyoruka."

Mama aliitoa sweta, akaikunja upya, akairudisha mfukoni.

Ukuta ulipokuja kuoza, nilibaki na banzi moja. Nimewauliza madereva wa zamani pale Ruiru. Hakuna anayekumbuka kama lori lile lilipakia sehemu moja au mbili.