Tasbihi ya Bibi na Kompyuta ya Mjomba

Juzi fundi mmoja hapa Kibiti alifungua kompyuta yangu inayojizima ovyo, nikanusa tena lile vumbi lililoungua. Nilipokuwa mtoto, Mjomba Shabani aliunda yake sebuleni kwetu kwa vifaa alivyookoteza Dar, nayo haikukaa muda ikiwaka. Mama alikwisha sema ikizimika tena itahamia banda la kuku.

Alasiri ile Mjomba alichomoa kadi moja ya memori kati ya mbili, akaiwasha, akaniambia nihesabu itadumu ikiwaka kiasi gani. Bibi akanipa tasbihi yake. "Hesabu, mjukuu wangu, lakini kwa Subhanallah."

Feni ikavuma. Nikamaliza mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tano. Ilikuwa bado inawaka. Niliamini nimeiponya mimi.

Ndipo Mjomba akaizima, akairudishia ile memori, akaiwasha upya. Sikufika hata ushanga wa kumi, kioo kikawa cheusi.

"Mjomba, mbona umeiua tena?" Nililia.

Yeye alikuwa anacheka. "Isingekufa, ningejuaje mbovu ni ipi?"

Nilimnunia mpaka magharibi. Juzi, fundi alipochomoa memori moja na kutaka kufunga boksi, nilimshika mkono.

"Irudishe kwanza, kaka. Nahesabu."